Miaka Mitatu ya Bi Sikudhani

Ilikuwako nchi moja, na huenda iko hata sasa, ambayo serikali yake iliwapenda wananchi kiasi kwamba haikuweza kuwaacha wale chakula peke yao. Jina la nchi hiyo silitaji. Si kwa hofu, la hasha. Mimi ni mtumishi wa umma, na mtumishi wa umma hataji jambo ambalo hajaandikiwa barua alitaje.

Nilikuwa karani wa Ofisi ya Lishe na Umri katika kata ya Kijitokavu. Kata yetu ilikuwa na bonde moja la mboga, zahanati moja, na ofisi mbili za serikali zilizotazamana, kila moja ikisubiri barua kutoka kwa mwenzake. Kazi yangu ilikuwa kutunza Daftari la Umri. Niliipenda, na kwa kweli sikuona ubaya wowote ndani yake.

Mambo yalianza na utafiti. Wataalamu wa Wizara walipita nyumba kwa nyumba wakawauliza watu wazima mia nne na kumi na wawili: jana ulikula nini kilichotoka kwenye mmea? Majibu yalipojumlishwa, yakaonyesha jambo la kusikitisha. Vijana walikula chipsi, ambazo kwa bahati nzuri nazo hutoka kwenye mmea. Watu wa makamo walikula mboga pale walipokumbuka. Lakini wazee wa miaka sitini na kuendelea walikula mchicha, tembele, mnafu, kisamvu, maboga na mapapai karibu kila siku ya Mungu.

Kamati iliyosoma matokeo hayo ilishtuka. Wazee, ambao ni wachache na wako njiani kuondoka, walikuwa wanamaliza virutubishi vya taifa, huku vijana, nguvukazi ya kesho, wakibaki na viazi. Mjumbe mmoja aliuliza kama isingekuwa rahisi kuwashauri vijana nao wale mboga. Akaelezwa kwamba huko kungekuwa kuingilia uhuru wa raia. Kwenye kikao kilichofuata hakualikwa.

Ndipo Mheshimiwa Kipangule, Waziri wa Lishe, Umri na Mambo Yanayofanana na Hayo, alipokuja kututangazia Sheria ya Mboga. Alihutubia kwa saa tatu juani, sisi tukiwa juani na yeye akiwa kivulini, kwa sababu jua lilikuwa letu sote lakini turubai lilikuwa moja.

"Ndugu wananchi," alisema, "mwili wa kijana ni jengo linalojengwa. Unataka tofali, na tofali ni jekundu. Mwili wa mtu wa makamo ni jengo linalokaliwa. Unataka bustani, na bustani ni ya kijani. Lakini mwili wa mzee ni jengo la kumbukumbu. Jengo la kumbukumbu halijengwi tena, ndugu zangu. Linapakwa chokaa."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga nikiwa nimesimama.

Basi watu wazima wakagawanywa. Kuanzia miaka kumi na minane hadi thelathini walipewa mboga nyekundu na za rangi ya machungwa: karoti, nyanya, maboga. Kuanzia thelathini na moja hadi hamsini na tisa walipewa kijani. Kuanzia sitini walipewa nyeupe: muhogo, vitunguu, na kabichi baada ya kumenywa hadi moyoni. Biringanya lilisumbua. Tume ilikaa wiki sita, ikaamua kwamba ganda lipelekwe halmashauri na nyama yake waachiwe wazee. Tikiti maji, kwa kuwa lina kijani, nyeupe na nyekundu, lilionekana kuwa ni la makundi yote, kwa hiyo likatengwa kwa ajili ya viongozi, ambao ndio wanaowakilisha makundi yote.

Vijana wa kata yetu walizipokea karoti zao kwa heshima wakawapa mbuzi. Mwaka ule mbuzi wetu walikuwa na macho mazuri sana.

*

Mtu aliyelima mboga nzuri kuliko wote katika bonde letu alikuwa Mzee Msangule. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alikuwa na desturi ya kuinama juu ya tuta la mchicha na kuligusa kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa. Mkewe alikuwa Bi Sikudhani, mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye mwanya. Walikuwa na binti mmoja, Mwajabu, aliyeolewa mbali, safari ya siku mbili, na kwa sababu hiyo waliitana Baba Mwajabu na Mama Mwajabu kutwa nzima, nadhani ili jina la mtoto lisipotee nyumbani.

Nami nilikuwa kama mtoto wao wa pili. Mke wangu alifariki mwaka wa nne tangu nihamie kata ile, na wiki baada ya mazishi, wakati watu wengine wote walikuwa wamekwisha kurudi kwenye shughuli zao, Bi Sikudhani alikuja akanikuta nimekaa sakafuni mbele ya jiko lisilo na moto. Hakunipa pole. Alisema tu, "Mwanangu, inuka, tembele limeiva." Tangu siku ile nikawa nakula kwao jioni zote.

Walikula kwenye sinia moja. Ugali katikati, mboga pembeni, na sisi watatu tukiuzunguka. Bi Sikudhani alikuwa na tabia ya kuusukuma mchicha kidogo kidogo kwa ncha ya kidole uende upande wa mumewe. Mzee naye, akidhani haonekani, aliurudisha. Kuna jioni mchicha ule ulizunguka sinia zima kabla ya kuliwa. Niliwahi kumweleza Bi Sikudhani kwamba wanachosha mboga. Alicheka hadi akapaliwa.

Sheria ilipotoka Mzee Msangule alikuwa na miaka hamsini na tisa na miezi minane. Mkewe alikuwa na hamsini na saba. Mimi ndiye niliyekuwa na miaka yao kwenye daftari, kwa hiyo nilijua siku ambayo barua ingefika, na siku hiyo niliipeleka mwenyewe kwa mkono, nikaisoma kwa sauti kama kanuni inavyotaka.

"Wizara inakupongeza kwa kutimiza miaka sitini, na inakutakia maisha marefu na meupe."

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa na si ya kubisha, kama bado ataruhusiwa kuulima mchicha. Nikamwambia bila shaka. Serikali inawathamini wakulima. Akauliza kama ataruhusiwa kuugusa. Nilitazama kanuni. Kugusa hakukukatazwa.

"Na sinia?" aliuliza Bi Sikudhani.

Hapo ilinibidi nimsomee kifungu cha kumi na moja: watu wa makundi mawili tofauti wasile chombo kimoja, ili rangi zisichanganyike. Niliwaletea sahani mbili kutoka ofisini, moja yenye ukingo wa kijani na moja nyeupe tupu. Zilikuwa sahani nzuri. Bi Sikudhani alizipokea kwa mikono miwili na kusema asante, kama alivyolelewa.

*

Miezi mitatu ikapita. Malori ya Wizara yalifika bondeni kila Alhamisi kuchukua kijani kilichozidi baada ya wazee kuacha kula, yakakipeleka kwenye Ghala la Akiba ya Taifa. Mboga hazikai, kila mtu anajua, lakini Ghala halikuwa limejengwa kwa ajili ya kutoa, lilijengwa kwa ajili ya kuweka. Upepo ulipovuma kutoka upande ule tulisikia harufu. Mkuu wa ofisi yangu alituambia ni harufu ya akiba.

Mzee Msangule alianza kuchoka. Alikuwa akisimama katikati ya matuta ameshika jembe, hasogei, mpaka kizunguzungu kipite. Siku moja hakikupita, akaanguka juu ya mnafu wake. Mkewe akamshika mkono wakaenda zahanati.

Pale zahanati kulikuwa na tabibu kijana aliyeitwa Perusi, mchapakazi, ambaye kosa lake lilikuwa kusoma vitabu vya zamani, vya kabla ya sheria. Alimpima Mzee damu, akaona imepungua. Kisha, kwa kuwa alimwona Bi Sikudhani ana viganja vyeupe, akampima na yeye. Ya Mzee ilikuwa tisa, wakati mtu mzima hatakiwi kushuka chini ya kumi na mbili. Ya Bi Sikudhani ilikuwa saba.

Hilo la saba sikulijua wakati ule. Nilikuja kuambiwa na Perusi baadaye sana, kwenye benchi la nje ya zahanati, huku akitazama viatu vyake. Alisema Bi Sikudhani alimsihi asimwambie mumewe. Tangu alipoletewa ile sahani ya kijani, mama yule alikuwa hajala zaidi ya matonge mawili ya mboga kwa siku. Kula peke yake kile ambacho mwenzake amekilima na haruhusiwi kukionja kulimshinda. Alikuwa akiipakua, akiitazama, kisha akiifunika kawa na kuwapelekea wajane wa jirani wenye umri halali.

Perusi aliwaambia wote wawili wale mboga za majani kwa wingi, wachanganye na ndimu au papai, na warudi baada ya mwezi. Lakini kwenye cheti cha Mzee hakuweza kuliandika neno "mchicha," kwa kuwa cheti cha mtu wa kundi jeupe kina orodha yake, na mchicha haumo. Akaandika: "Mgonjwa apewe kile anachokilima." Mkuu wa ofisi yangu alikisoma cheti kile mara mbili, akagonga mhuri wa KATAA, akamsifu tabibu kwa mwandiko.

Basi ikabaki njia ya Bodi. Kisheria, mzee angeweza kuomba kupunguziwa umri. Fomu nilimjazia mimi mwenyewe, na niliijaza vizuri. Tulikwenda wilayani watu watatu, Mzee, mkewe na mimi, Mzee akiwa amevaa kanzu yake ya Idi. Bodi ya Umri ilikuwa na wajumbe saba wenye afya njema. Mwenyekiti alieleza kwa upole kwamba mwombaji anahitaji mashahidi wawili waliokuwepo alipozaliwa. Mzee alisema anao: shangazi yake na jirani, wote wana miaka zaidi ya themanini.

Mwenyekiti akasikitika. Watu wa umri huo wako kundi jeupe, alisema, na utafiti wa Wizara umethibitisha kwamba mtu asiyekula mboga za kijani kumbukumbu zake hazitegemeki.

Mzee akauliza kama ataruhusiwa kuleta mashahidi walio chini ya miaka sitini.

"Hao," alisema mwenyekiti, "walikuwa hawajazaliwa."

Niliandika jibu hilo kwenye daftari langu la safari kwa sababu lilinipendeza. Halikuwa na tundu hata moja. Njiani kurudi mkewe alimshikia Mzee kanzu isiguse matope.

*

Kilichofuata nakieleza jinsi kilivyotokea, ingawa kinanihusu.

Bi Sikudhani alianza kumlisha mumewe mboga kwa siri. Alichemsha mchicha, akaukamua, akauficha katikati ya tonge la ugali kama mtu anavyofunga dawa ya mbwa. Mzee alijua kutoka tonge la kwanza, lakini hakusema, kwa sababu mkewe alikuwa akimtazama. Wiki mbili alikula hivyo. Wiki ya tatu aliweza kulima matuta manne bila kusimama, na nilimsikia akiimba.

Ndipo alipokuja Bwana Ng'unda, Mkaguzi wa Ndimi. Alikuwa na tochi na kadi ya rangi, na alisafiri kata hadi kata akiwaamuru wazee watoe ulimi. Kanuni ilisema karani wa kata amshikie tochi. Niliishika. Tuliwakagua wazee kumi na tisa, wote weupe pepepe. Wa ishirini alikuwa Mzee Msangule.

Alitoa ulimi. Ukingoni, karibu na jino la nyuma, kulikuwa na uzi wa jani usiozidi urefu wa ukucha. Ningeweza kuisogeza tochi. Nimeliwaza hili mara nyingi. Wakati ule sikuliwaza. Niliona tu kwamba taa ilikuwa inatetemeka, nikaikaza kwa mikono miwili ili mkaguzi aone vizuri.

Kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza, hakufungwa. Alikalishwa mbele ya ofisi yetu siku tatu, amefunikwa shuka jeupe, akikariri Jedwali la Rangi kila alipopita mtu. Watu wa kata yetu ni waungwana. Siku zile tatu hakuna aliyepita. Barabara ilikuwa tupu kutoka asubuhi hadi jioni, na Mzee alikaa kimya chini ya shuka, akiwa hana wa kumkariria. Ila aliambiwa wazi: kosa la pili halitakuwa lake, litakuwa la aliyepika, na aliyepika atakwenda gerezani miaka miwili.

Jioni ya siku ya tatu nilikwenda kwao kama kawaida yangu. Bi Sikudhani alinifungulia. Nilitazamia ataniuliza kuhusu ile tochi, na nilikuwa nimejiandaa kumsomea kanuni. Hakuniuliza. Alinipakulia. Mzee alikuwa amekaa anatutazama kwa mgongo, uso wake ukiwa ukutani, na sahani yake nyeupe magotini. Alikuwa ameapa, kwa Mungu na kwa mwanae Mwajabu, kwamba hataweka jani mdomoni tena, kwa kuwa hawezi kumwona mkewe gerezani kwa ajili ya tumbo lake. Na ili asishawishike, asiwe anaiona sahani ya mkewe, atakula ameutazama ukuta.

Mimi na Bi Sikudhani tulikaa na ile sahani ya kijani kati yetu. Alishika tonge, akalichovya, akalirudisha. Kutoka ukutani Mzee alisema, bila kugeuka, "Kula, Mama Mwajabu. Nasikia hutafuni."

Hakutafuna.

*

Asubuhi ya Jumanne alikuja ofisini kwangu, amevaa kanga mpya na amejipaka wanja. Alikaa kwenye benchi la waombaji, akasubiri zamu yake ingawa hakukuwa na mtu mwingine. Nilipomwita akasema amekuja kuomba kuongezewa umri.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamweleza kwamba watu huomba kupunguziwa.

"Mimi nataka kuongezewa, mwanangu. Mitatu tu. Nifikie sitini."

Nilifungua kanuni. Na hapa sina budi kuisifu serikali, kwa maana wanaosema haina haraka wanaisingizia. Kupunguza mwaka mmoja kulitaka mashahidi wawili, Bodi, picha nne na kiapo. Kuongeza kulitaka saini ya mwombaji na saini ya karani. Fomu yenyewe ilikuwa nusu ukurasa.

Nilimuuliza sababu, kwa kuwa kulikuwa na mstari wa sababu.

"Andika nataka kula na mume wangu," alisema. "Miaka thelathini na minane nimekula naye sinia moja. Sasa anakula na ukuta. Ukuta umemfanyia nini hata ule naye?"

Mstari ulikuwa mfupi. Niliandika: "Mlo."

Alitia sahihi kwa mwandiko wake wa shule ya ngumbaru, herufi moja moja, akiuma ulimi kwenye ule mwanya. Nami nikatia ya kwangu. Alikuwa na miaka hamsini na saba alipoingia ofisini, na alipotoka alikuwa na sitini. Nilimpa barua ya pongezi. Nilitaka kumwambia neno, lakini lililonijia lilikuwa ni lile la barua, la maisha marefu na meupe, kwa hiyo nikamfungulia mlango.

Jioni ile sinia lilikuwa limerudi. Ugali katikati, kabichi nyeupe pembeni, muhogo kidogo. Mzee alikuwa ameisoma barua na macho yake yalikuwa mekundu. Nilielewa kwamba walikuwa wamegombana, kwa sauti ya chini, kama wanavyogombana watu ambao hawajazoea. Alimwambia mkewe kwamba hakumwomba hilo. Mkewe alimjibu kwamba hata yeye hakumwomba aukabili ukuta. Kisha Bi Sikudhani akausukuma ukingo wa kabichi kwa ncha ya kidole uende upande wa mumewe. Mzee aliutazama kitambo. Akaurudisha. Ukaenda, ukarudi.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa kundi la kijani, nilikula kwenye sahani yangu, pembeni.

*

Mvua zilikuja mapema. Bi Sikudhani alidhoofika kama nguo inayofuliwa kila siku. Huoni siku ipi imepauka. Alianza kukaa chini katikati ya kufagia. Alicheka bado, ila alipocheka alishika ubavu na kungoja pumzi. Midomo yake ikawa na rangi ambayo Mheshimiwa Waziri angeipenda.

Kisha akapata homa, malaria ya kawaida, ya kila mvua. Perusi alimpa dawa na dawa ilifanya kazi yake. Homa ilishuka siku ya tatu. Lakini damu ilikuwa nne, na mwili haukuwa na akiba ya kuinukia. Barabara ya kwenda hospitali ya wilaya ilikuwa imekatika. Perusi alituma ujumbe kuomba gari la Wizara, lile la Alhamisi. Akajibiwa kwamba gari lile ni la mboga.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua imekatika na jua limetoka. Mzee Msangule aliniomba nimsaidie kumwinua mkewe aegemee, ili aone bonde kupitia mlangoni. Matuta yalikuwa yamefurika mchicha, mpana, mzito, majani makubwa kama masikio ya ng'ombe. Hakuna aliyekuwa ameuchuma kwa wiki nzima.

Mzee alitoka. Alirudi na jani moja, bichi, limelowa. Alilipasua kwa vidole akamwekea mkewe mdomoni, mbele yangu, mbele ya karani wa Ofisi ya Lishe na Umri, na hakuniangalia kabisa.

Bi Sikudhani alilishika jani lile kwa midomo. Akalitoa kwa vidole, polepole sana, akampelekea mumewe.

"Baba Mwajabu," alisema, "anza wewe."

Mzee alilila. Alilitafuna huku machozi yakimtiririka hadi kidevuni, akimwonyesha kwamba analitafuna. Mkewe alimtazama hadi alipomeza. Dakika chache baadaye alikuwa ameshatutoka, na sisi wawili tukawa bado tunamshikilia aone bonde.

Mwajabu alifika siku mbili baada ya mazishi, matope hadi magotini. Aliingia chumbani kwa mama yake, akakaa kitandani, akauliza kwa nini kila mtu katika nyumba hii amekuwa mwepesi hivi. Alikaa hadi arobaini, akarudi kwa wanawe.

*

Siku sita baada ya arobaini, Mheshimiwa Kipangule alitimiza miaka sitini.

Wataalamu wa Wizara walifanya utafiti mpya kwa haraka, safari hii kwa kumuuliza mtu mmoja. Matokeo yalikuwa ya wazi kabisa. Wazee, ikagundulika, wanahitaji mboga za rangi zote kuliko kundi lolote. Mheshimiwa alihutubia tena, chini ya turubai lile lile.

"Ndugu zangu," alisema kwa uchungu, "jengo la kumbukumbu lisilo na bustani, nani atalitembelea?"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga nikiwa nimekaa, nadhani kwa sababu ya miguu.

Niliagizwa kuwapelekea wazee wote wa kata habari njema pamoja na fungu la kijani. Lori lilileta mafungu hayo kutoka Ghala la Akiba. Yalikuwa meusi, yanachuruzika. Niliyapokea kwa saini nikayazika nyuma ya ofisi, kisha nikashuka bondeni na kuchuma mchicha mbichi kwenye matuta ya Mzee Msangule mwenyewe, nikamgongea mlango na kumkabidhi mboga yake kwa niaba ya serikali.

Aliupokea. Aliuosha, akaukata, akaupika kwa kitunguu na nyanya. Tulikula sinia moja, kwa kuwa sheria sasa iliruhusu. Nilijitahidi kuusukuma kidogo uende upande wake. Aliuona mkono wangu, akaniambia nisifanye hivyo, na sikufanya tena.

Tulipomaliza alinionyesha kibao cha saruji alichokuwa anakitengeneza kwa ajili ya kaburi. Saruji ilikuwa bado laini. Alikuwa ameandika jina, Sikudhani, na ameacha nafasi ya umri. Aliniuliza daftari langu linasemaje. Nikamwambia ukweli: daftari linasema sitini, cheti cha kifo kinasema sitini, na kanuni inataka kibao kifuate daftari.

"Hakufika sitini, mwanangu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuniita hivyo. Lilikuwa neno la mkewe. "Ile mitatu hakuiishi. Alinipa mimi. Mrudishieni."

Nilimjibu kwa upole wote niliokuwa nao. Nilimweleza kwamba kwa bahati nzuri sheria mpya inaruhusu aliyeongezewa umri kurudishiwa, na fomu ninayo ofisini, ya nusu ukurasa tu. Ila mwombaji hana budi kufika mwenyewe na kutia sahihi.

Mzee Msangule alinitazama kwa muda mrefu, si kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama tuta lililoshambuliwa na wadudu, anapojiuliza kama linafaa kuokolewa. Kisha akaokota msumari, akainama juu ya kibao, akaandika 57, akichimba kila tarakimu mara mbili.

Kubadili umri wa raia bila idhini ni kosa, na karani anayelishuhudia hupewa siku saba kuliripoti. Fomu ya ripoti ninayo kwenye droo. Kila Jumatatu nafungua droo ile, naitazama, halafu nakumbuka kwamba kuna jambo lingine linalotakiwa kufanywa kwanza. Saruji, kama mjuavyo, hukauka haraka sana.